Mistari Aliyoisahau Akram

Siku ya hitima ya Akram, wanawake waliojaa kwenye nyumba yao ya mtaa wa Songo walimtazama Dalila kuliko walivyomtazama mama mfiwa. Walikuwa wakingoja alie. Dalila alipokea sahani, akamimina chai, akatandika mikeka na kuikunja, na kila aliyempa pole alimjibu "asante" kwa sauti ambayo angemjibia mtu aliyempisha njiani. Wala hakuwa akijikaza. Alijitafuta ndani akakuta kimya, kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini wenyewe haujui kama umeguswa.

Akram alikuwa kaka yake mkubwa, kifunguamimba wa marehemu Nasoro, wa zile familia za Waislamu wa Uvira ambazo biashara ya ziwani ilizileta enzi za mababu na hazikuondoka tena. Alikuwa amekwenda Mutarule kuwaonyesha wakulima wa mpunga pampu ndogo aliyoiunda. Wakati wa kurudi, lori alilolipanda likapinduka. Walimleta amefunikwa shuka. Basi.

Ndugu hao wawili walifanya kazi pamoja mtaa wa Kilibula, katika chumba cha matofali ambacho zamani kilikuwa duka la vitenge la baba yao. Pamoja na Olive, fundi wa umeme, walikuwa wametengeneza boti isiyopandwa na mtu: ganda la plastiki lenye urefu wa kitanda, linalojiendesha lenyewe, na chini ya tumbo lake chombo kinachopiga mlio majini na kusikiliza unavyorudi, ili kijue kina. Olive aliunga nyaya na injini. Dalila aliijaribu na kuchora ramani. Akram ndiye aliyeandika programu, na programu ndiyo iliyokuwa akili yote ya boti.

Boti hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza nyumba za mitaa ya chini. Mabati yalichukuliwa na wenyewe, lakini kuta zilibaki zimesimama chini ya maji, na hakuna jicho lililoziona.

Dalila alirudi karakanani mapema kuliko ilivyotarajiwa. Alifagia, akapanga bisibisi kwa ukubwa, akazichanganya, akazipanga tena. Hapo ndipo Evariste, mkuu wa wavuvi wa ufuko wa karibu, alipokuja na kusimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Pole sana, mama enjenyeri. Sikutaka kuja mapema hivi."

"Karibu, baba. Ikala."

Hakukaa. "Pirogi ya shemeji yangu, ule mtumbwi wake, iligonga ukuta mu maji jana. Iligeuka. Yeye mguu umevunjika. Mwenzake, Irankunda, hatujamuona bado." Aliikunja kofia. "Ile mashine yenu ingali iko?"

"Iko," Dalila alisema.

Lakini haikuwepo. Boti yenyewe ilikuwa juu ya meza, nzima, ila kompyuta yake ndogo ilikuwa tupu: Akram alikuwa ameifuta kabla ya safari ili aipakie programu mpya akirudi. Na kompyuta kubwa ya Akram, iliyokuwa na kila kitu, ilikataa kuwaka. Olive aliifungua, akaigeuza, akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imekufa. Kilichosalia ni nakala ya maandishi ya programu kwenye kifimbo cha USB cha kuhifadhia, na maandishi peke yake hayaendeshi boti. Ni lazima kompyuta iyasome mstari kwa mstari na kuyajenga upya katika lugha ya mashine.

Dalila aliwasha kompyuta yake mwenyewe na kuanza kuyajenga.

Ikakataa. Ilisema kuna faili la kichwa ambalo halipatikani. Mafaili hayo, ambayo wao waliyaita antete, ni mafupi. Kazi yake ni kutangaza mbele ya programu ni vitu gani vipo na vinaitwaje. Likikosekana moja tu, kazi nzima husimama, kama karamu iliyosimama kwa sababu mtu mwenye ufunguo wa stoo hayupo.

La kwanza lilikuwa la chombo cha kupima kina. Maktaba ya chombo hicho ilikuwepo kwenye kompyuta, ila sehemu yake ya kujengea haikuwekwa. Dalila aliingoja koneksio ya mtandao, akaishusha, akaiweka. Faili la pili lilikuwepo, lakini watengenezaji walikuwa wamelihamishia folda nyingine na Akram alikuwa bado akiliita kwa anwani ya zamani. Akarekebisha anwani. Alifanya hayo yote bila pupa na bila hamu. Vidole vilikwenda, macho yakasoma. Olive alimwekea sahani ya bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, pembeni, nzi wakaijua kabla yake.

"Hata kula haukule," Olive alisema.

"Niko muzuri, yaya," Dalila alimjibu, kwa neno walilomwitia kila mkubwa wao, dada au kaka.

Wakiwa humo, mtu alipita akisema kwamba Irankunda amepatikana kwenye matete upande wa kaskazini, na kwamba wanamchimbia kaburi. Olive alijifunika uso. Dalila alijua kwamba hii ni habari ya kuumiza. Aliijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika. Akarudi kwenye kioo.

Faili la tatu ndilo lililomtoa jasho. Akram alikuwa ameigawa programu katika vifurushi. Kimoja alikiita Jumbe, kilichoeleza habari zinazopitishwa ndani ya boti: kina, mwendo, upande. Kingine alikiita Nahodha, kilichosoma habari hizo na kuongoza. Kompyuta ilikuwa ikisema kwamba Nahodha anatafuta faili la kichwa la Kina na halioni. Dalila alilitafuta kwenye mtandao na hakulipata, maana lilikuwa la Akram mwenyewe. Alilitafuta kwenye nakala, folda baada ya folda. Halikuwepo. Akaanza kuamini kwamba liliandikwa na Akram kwenye ile diski iliyokufa, na kwamba limezikwa nayo.

Kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya, alibonyeza kujenga tena.

Ikapita. Mistari ilishuka yote mpaka mwisho bila kosa.

Olive alipiga makofi. "Imepita! Tuipakie, twende."

Dalila alikuwa bado anakitazama kioo. "Sikubadilisha kitu, yaya. Minye sikugusa hata herufi moja. Juu ya nini ikatae saa ile, na saa hii ikubali?"

"Weye uko natafuta nini tena? Imekubali, iache vile."

"Nikiiacha, itakatala kwenye kompyuta ya boti. Ile iko tupu."

Akafuta kila kilichojengwa, akaanza upya kama kwenye kompyuta mpya. Ikakataa palepale. Akabonyeza mara ya pili. Ikapita. Alifuta tena, na safari hii alifungua folda na kuangalia ndani yake wakati kazi inaendelea. Ndipo akaliona faili la Kina likizaliwa. Hakuna mtu aliyewahi kuliandika kwa mkono. Kompyuta ndiyo iliyolitoa, kutokana na mistari michache ya Jumbe, na ililitoa baada ya Nahodha kuwa ameshalitafuta na kulikosa. Nahodha na Jumbe walikuwa wakijengwa kwa pamoja, kila mmoja na njia yake, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba mmoja amtangulie mwenzake. Mara ya pili faili lilikuwa tayari limeachwa na mara ya kwanza. Kwenye kompyuta ya Akram mabaki hayo yalikuwepo tangu zamani, kwa hiyo kwake haikukataa hata siku moja. Hakujua kwamba amesahau.

Dalila alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Weye Akram!" alisema kwa nguvu, mpaka mwuza mkaa wa nje akageuka. "Mistari mbili tu! Mistari mbili, yaya Akram, juu ya nini haukuandika? Muntu anaenda bila kusema kitu! Nani alikwambia sisi tunajua vyenye viko mu kichwa yako?"

Olive alikiinua kiti. Dalila alibaki amesimama, anahema kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu lile lori. Haikukaa sana. Ikashuka, akakaa, akaiandika ile mistari miwili.

Mstari mmoja uliingia kwenye maelezo ya kujenga: Nahodha angojee Jumbe. Wa pili uliingia kwenye faili linalotambulisha kifurushi: Nahodha anamhitaji Jumbe. Humo, juu kabisa, paliandikwa mwandishi, Akram Nasoro, na chini yake mtunzaji, Akram Nasoro. Alisita hapo. Mwandishi hakumgusa. Kwenye mtunzaji alifuta jina la kwanza na kuandika Dalila. Kisha akafuta mabaki yote, akajenga kutoka mwanzo. Ikapita mara ya kwanza. Kwenye kompyuta ya boti, iliyokuwa tupu, ikapita pia.

Kesho yake asubuhi boti ilikwenda na kurudi juu ya mitaa iliyozama, kwa mistari iliyonyooka kama ya mkulima, huku wavuvi wakiitazama kutoka ufukoni. Kwenye kioo cha Dalila kuta zilijitokeza moja moja: pembe ya nyumba, ngazi, uzio wa ua. Evariste na wenzake walipiga kasia nyuma ya boti, na kila mahali Dalila alipowaonyesha walizamisha jiwe lililofungwa kamba, na juu ya kamba dumu tupu la njano lililofungwa vizuri ili lielee. Hakuna aliyeimba. Mmoja alipofika kwenye ukuta uliomuua Irankunda alivua kofia, akafunga madumu mawili.

Walimpa Dalila mikeke, samaki wa ziwani, iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Alipanda nayo hadi nyumbani Songo.

Mama Akram alikuwa uani, amebandika maji ya bugali. "Mashine imetembea?"

"Imetembea, mama."

"Ilikuwa imekosa nini?"

Dalila alikaa kwenye kigoda na kuanza kuparua samaki. "Akram alisahau kusema kwamba kitu kimoja kinahitaji kingine. Kwake ilikuwa inatembea, basi akajua iko sawa."

Mama akacheka kwa pua. "Huyo! Hata ku masomo ilikuwa vile. Mwalimu alikuwa ananiambia: mutoto wako anatoa jibu, ila njia haionyeshe." Akacheka tena, na kicheko kikamgeukia katikati, akauinamisha uso kwenye ncha ya kitenge chake.

Machozi ya Dalila hayakuja. Aliweka kisu chini, akasogeza kigoda mpaka mabega yao yakagusana, na wakakaa hivyo hadi maji yakafurika na kuzimisha nusu ya makaa, naye akainuka kuteremsha sufuria.