Beseni Lilipolia, Niligeuka Mimi

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si ujana, si vita. Ni mimi. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, nisikilizeni kana kwamba tumekaa wawili tu na mlango umefungwa, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata mchungaji wangu. Majina nimeyabadilisha. Aibu sikuweza kuibadilisha.

Mimi ni Mkenya wa magharibi. Nilikuja Kampala miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, nikapata kazi katika duka la vipuri vya magari pale Nateete, nikaoa Muganda, nikabaki. Nilisoma hadi kidato cha nne, na hilo nilihakikisha kila mtu analijua. Hata tai nilivaa, katikati ya grisi! Wenzangu wakizungumzia mila za nyumbani, nilicheka. Nikasema hayo ni mambo ya washamba.

Kumbe mshamba mkubwa nilikuwa mimi.

Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na ulimi nao ukafa. Kilichobaki ni macho na mkono wa kushoto. Mke wangu alikuwa ndiye mtoto pekee aliyemsalia, wengine walipotea vitani, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa yenye matatizo. Daktari alikuwa amemkataza hata kusimama.

"Taata Sanyu," akaniambia, Sanyu akiwa binti yetu wa kwanza, "najua ni buko. Lakini nimtume nani?"

Kwa asiyejua: kwa Waganda, na hata kwetu magharibi mwa Kenya, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Wakikutana njiani, mmoja hukwepa. Waganda huita jambo hilo buko, na husema anayelivunja mikono humtetemeka mpaka kaburini.

Mke wangu alitaka nimtafute mwanamke wa kulipwa. Nikamcheka! "Mimi mtu wa shule," nikasema. "Mambo ya buko niliyaacha darasani."

Laiti ningemsikiliza.

Hospitali za wakati ule zilikuwa zimechoka. Magodoro yalikuwa membamba, wauguzi wachache. Kulisha mgonjwa, kumwosha, kumpangusa, yote ilikuwa kazi ya jamaa aliyekuja kuuguza. Wodi yetu ilikuwa chini ya Sista Akello, mwanamke mrefu kutoka kaskazini. Mnaokumbuka miaka ile mnajua mtu wa kaskazini alivyotazamwa Kampala baada ya vita. Alitazamwa kwa jicho la pembeni, kwa kuwa wengi wa askari wa serikali iliyoangushwa walitoka huko. Akikosea kidogo, kosa lilikuwa la kabila zima.

Sista huyu alikuwa ameona jambo. Mgonjwa asiyeweza kujisogeza aliletwa na ugonjwa mmoja, kisha akauawa na mwingine: kidonda cha mgongoni, cha kulalia upande mmoja siku nzima. Desturi ya wodi ilikuwa kusugua mgongo kwa spiriti na kuweka glavu iliyojazwa maji chini ya makalio. Yeye aliona haisaidii. Akamwomba daktari mkubwa ruhusa ya kujaribu. Wagonjwa wa upande wa mlango waendelee na spiriti, na wa upande wa dirisha wawe wanageuzwa, leo na kesho na keshokutwa bila kuruka. Mwishoni ndipo watazame migongo ya pande zote mbili.

Saa ya ukutani haikuwepo. Basi akachukua beseni la bati na kijiko. Beseni likilia, kila anayeuguza upande wa dirisha amgeuze mtu wake.

"Sista, hii beseni ni ya ugali ao ya kugeuka?" aliuliza Mama Neema, Mkongomani aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili yetu.

"Ukigeuza mzee vizuri, nitakupa na ugali," sista akamjibu. Wodi nzima ikacheka.

Kisha akaja kwangu. Mama mkwe alikuwa amelazwa upande wa dirisha.

"Huyu ni mama yako, Mkenya?"

"Ndiyo, ni mama."

Hapo ndipo nilipoanza kuanguka! Neno dogo tu lilibaki mdomoni, mkwe, na sikulitoa. Niliona aibu kusema, mimi mwenye tai, kwamba naogopa kumgusa mama wa mke wangu.

"Sikia," akasema sista, akishusha sauti. "Hawa wengine wanageuka wenyewe kidogo. Yako ndio haiwezi kabisa. Hii mama ndio kipimo yangu. Mgongo yake ikipona, daktari atanisikia."

"Usiwe na wasiwasi, sista."

Beseni likalia. Nikainama, nikanyoosha mikono. Mama mkwe akanitazama. Akainua mkono wake wa kushoto, akautikisa mbele ya uso wangu. Nikaelewa kwamba ananikataza. Nikairudisha mikono. Na kwa vile adabu yetu ni kumpa mkwe mgongo anapokuwa amelala bila nguo nzuri, nikageuka, nikatazama ukuta.

Sista akapita. "Mmegeuka?"

"Tumegeuka, sista."

Jamani, nilijifariji kwa neno hilo! Nilijiambia sikusema uongo. Si nimegeuka? Nimeutazama ukuta! Niliutegemea ujanja huo kila beseni lilipolia. Na ili jicho la sista lisione kitu, nilijifunza kuuhamisha mto, leo kushoto, baadaye kulia. Mto niliweza kuuvuta bila kumgusa mwenyewe. Mto uligeuka, nami niligeuka. Mama wa watu alibaki palepale.

Siku moja sista akasimama katikati ya wodi. "Tazama Mkenya!" akawaambia wanawake. "Mwanaume, na anageuza mama yake. Nyinyi mnasinzia!"

Wakanipigia makofi. Nami nikatabasamu! Tangu saa hiyo nikafungwa. Kusema kweli kungenivua nguo mbele ya wodi nzima.

Mama Neema hakudanganyika. Yeye ndiye aliyejitolea kumwosha mama mkwe asubuhi, kwa huruma yake tu.

"Papa," akaniambia siku moja, akikamua kitambaa, "unamuogopa mama? Sijaona ukimushika hata siku moja."

"Namgeuza wewe ukiwa umetoka kufua."

"Papa, miye nafua kila saa? Nguo ya mume wangu ni moja!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mugongo ya mama iko nyekundu. Niache nimugeuze miye, haina shida. Ao ambia sista."

Oneni! Msaada ulikuwa kitanda cha pili, umesimama na kitambaa mkononi, na hauniombi chochote. Nikaukataa. Nilihofu kwamba sista akimwona Mama Neema anageuza, atauliza kulikoni.

"Nitamwambia sista," nikasema.

Sikumwambia.

Mume wa Mama Neema akapata nafuu wakaondoka. Siku zilizofuata mama mkwe alioshwa uso tu, nami nikawa nampulizia manukato niliyonunua sokoni Nakasero ili harufu isisikike. Ndiyo, nilijua. Pua yangu ilijua kabla ya wote. Kila beseni lilipolia mkono ule wa kushoto uliinuka, nami nilitazama ukuta.

Mke wangu alijifungua salama, na mara tu alipoweza kutembea akaja na mtoto mgongoni. Aliingia akicheka, anataka bibi amwone mjukuu. Akalifunua shuka.

Sitaeleza alichokiona. Kilio chake nakisikia hadi leo.

Daktari mkubwa akaja, na Sista Akello nyuma yake, uso umemkauka. Daktari akaniuliza mbele ya wote, "Wewe ndiye uliyekuwa ukimgeuza? Kila mara beseni lilipogongwa?"

"Taata Sanyu ndiye aliyekuwa na mama yangu," mke wangu akasema.

Sista akaniangalia. "Mama yako, ama mama ya bibi yako?"

Mlango ulikuwa wazi pale, ndugu zangu! Ningesema, "Ni mkwe wangu, sista, sikumgusa." Huyo alikuwa mtu wa kaskazini, na kwao pia mkwe huheshimiwa hivyohivyo. Angenielewa kabla sijamaliza sentensi.

Nikasema, "Mgonjwa ni mgonjwa. Niligeuza kila mara."

Mnajua alifanya nini? Machozi yalimlengalenga. "Daktari, hata kwetu mwanaume hawezi hiyo," akasema. "Huyu ni mtu kweli. Kama yeye amegeuza na kidonda imekuja, basi kugeuza haisaidii. Mimi ndio nimekosea."

Aliniamini! Aliweka neno langu juu ya macho yake mwenyewe.

"Basi, sista," daktari akasema, "rudisha beseni jikoni."

Mtu mmoja akacheka. Sista akaligeukia kundi letu, akapiga goti mbele ya mke wangu kuomba radhi. Mke wangu, kwa uchungu, akamwambia, "Watu wenu mlitumalizia ndugu vitani. Hata mama mmoja hamkutuachia?"

Nami nilisimama hapo nikiutazama ukuta. Nilikuwa nimeuzoea.

Mama mkwe hakurudi nyumbani. Tulimzika kwao, na katika matanga wazee wa ukoo walinishukuru kwa kumuuguza. Walinipa kiti cha mbele.

Upande wa dirisha ulirudi kwenye spiriti na glavu. Ni wangapi walioza migongo baada ya hapo kwa sababu ya neno langu? Sijui, na Mungu ndiye atakayeniambia. Sista Akello walimtoa wodini wakampeleka stoo, kugawa mashuka.

Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa soko la Nakasero nachagua nyanya, nikasikia, "Mkenya wa beseni! Bado uko Kampala?"

Alikuwa yeye, mvi zimemjaa. Alinisalimia kwa mikono miwili kama ndugu.

"Mimi bado nafikiria ile geuza yetu," akasema. "Nasema labda nilikosea saa. Labda beseni ilikuwa inalia kwa kuchelewa. Wewe ulikuwa hapo, unaonaje?"

Nikainamia nyanya. Nikaiminya moja mpaka ikapasuka mkononi.

"Labda," nikasema.

Mwanamke yule alibeba swali miaka yote, na jibu lilikuwa mbele yake linanunua nyanya! Alinunua za kwake, akaniaga, akaenda. Sikumwona tena. Baadaye nilisikia amefariki kwao.

Mke wangu naye ametangulia. Alikufa akiamini kwamba Mkaskazini alimuua mama yake, na chuki hiyo aliwarithisha watoto wetu. Sanyu alipoletewa posa na kijana wa Lira, huko kaskazini, mama yake alimfukuza mlangoni, na binti yangu hakuolewa kamwe. Nilikuwa nimekaa sebuleni. Neno moja langu lingemrudisha yule kijana. Sikulisema! Sanyu, kama unasoma hapa na umeitambua sauti ya baba yako, nilikunyang'anya mume wewe pia.

Mwaka jana nilianguka nikavunjika nyonga. Nikalazwa, siwezi kujisogeza. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye aliyekuja kuniuguza. Muuguzi kijana akamfundisha mbele yangu namna ya kunigeuza, kama jambo ambalo dunia yote imelijua siku zote. Nikamuuliza limetoka wapi. "Ndiyo kazi yenyewe, mzee," akasema, akaenda zake.

Kwa mila zetu huyo mkamwana hapaswi kunigusa. Saa ilipofika akainama. "Baba, nisamehe, nakugeuza," akasema, akaniweka ubavu kwa mikono yake miwili.

Kabla hajainama, mgongo ulikuwa ukiniwaka moto, na nilikuwa nimeinua mkono kumwita. Niliutikisa mbele ya uso wangu, vilevile. Ndipo nikaelewa. Mama mkwe hakuwa akinikataza. Alikuwa akiniomba!

Nililia mpaka yule binti akadhani ameniumiza.

Mikono yangu sasa inatetemeka, ndiyo maana mwandiko huu ni mbaya. Wajukuu husema ni uzee. Sikumgusa mama yule hata siku moja, na bado inatetemeka.

Wewe uliye hospitalini leo, umekaa kando ya kitanda cha mtu wako: muuguzi akikupa kazi usiyoiweza, mwambie huiwezi, na umwambie kwa nini. Akikuuliza kama umeifanya na hukuifanya, usimpe jibu la kumfurahisha. Usimheshimu kwa uongo. Anauliza ili ajue, na wa kitanda kinachofuata atatibiwa kwa jibu lako.

Sema tu, "Hapana, sista, sijamgeuza." Utaona aibu, na itakuishia kabla ya jioni. Yangu haijaisha.