Dakika Kumi na Moja za Placidi

Bendi ya Kunigunda Ndunguru haikuwa na gitaa wala ngoma. Urbani, mvuvi wa Lundo, alipiga maji ndani ya pipa kwa kasia. Kunigunda mwenyewe, fundi cherehani wa Mbinga mjini, aliimba huku akikwaruza bati kwa mnyororo wa baiskeli. Mdogo wake, Placidi, alizungusha mashine ya mkono ya kumenya kahawa waliyoachiwa na marehemu baba yao kule Mbuji. Watu waliwaona vichaa. Walipoalikwa kwenye sherehe, mara nyingi walialikwa ili wachekwe.

Mwaka juzi wakaamua kurekodi albamu mbele ya watu, siku moja, bila kurudia. Bakili, mwenye studio karibu na stendi, akaleta mitambo yake ukumbini. Walikubaliana kila mmoja apate kipande cha kupiga peke yake. Placidi alijiandaa miezi miwili. Kigugumizi kilimfanya aache shule darasa la tano, na tangu hapo aliongea kwa shida hata na ndugu zake. Kwenye ile mashine hakukwama.

Siku ilipofika alipanda jukwaani na kikapu cha kahawa mbivu. Akaanza kuzungusha mashine tupu, taratibu. Akatia punje moja. Kisha tatu. Kisha konzi nzima, na chuma kikabadilika sauti, kikawa kama kinanong'ona. Ukumbi ulianza kucheka dakika ya pili.

"Wewe, kahawa ipeleke chama cha ushirika!" mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Placidi hakusimama. Alipiga dakika kumi na moja, akainamisha kichwa, akashuka akitiririka jasho.

"I-imetoka, dada," alisema. "Imetoka yote."

Wiki iliyofuata Bakili alimwita Kunigunda studio. "Kipande hiki kitatuaibisha, dada. Vicheko vimejaa. Redio gani itakipiga?"

Kunigunda alikisikiliza chote. Alijua ni kizuri. Chini ya vile vicheko alisikia asubuhi za mavuno, baba yao akiwa bado hai. Lakini alikuwa amechoka kuchekwa.

"Kitoe kwenye albamu," akasema.

Albamu ilipotoka, Placidi aliisikiliza nyumbani kwa mama yao, kwenye redio ndogo, mpaka wimbo wa mwisho.

"Ya-yangu iko wapi, dada?"

"Haikushika vizuri. Kulikuwa na waya mbovu."

Placidi alimtazama kidogo. "Haya," akasema. Hakugomba wala hakununa. Ila mashine aliirudisha shambani, na mazoezini hakuja tena. Akikutana na dada yake sokoni alimwamkia kwa heshima zote, akamuuliza hali ya watoto, akaenda zake.

Miezi mitano baadaye, pikipiki aliyopanda kwenda Lipingo iliteleza mteremkoni. Walimzika Jumamosi, mvua ikinyesha.

Matanga yalipoanuliwa, Kunigunda alikwenda moja kwa moja kwa Bakili kukiomba kile kipande. Bakili alipekua kompyuta yake asubuhi nzima. Mwishowe akaondoa mikono mezani.

"Nisamehe, dada. Uliponiambia kitoe, nilikifuta kabisa."

Kunigunda akapanda gari la Mbuji. Alimkuta mama yake, Mama Hilda, uani akichambua maharage. Akapiga magoti, akamweleza yote: vicheko, Bakili, ule uongo wa waya.

Mama Hilda hakuinua macho.

"Alijua," alisema. "Siku ileile ya onyesho Bakili alimwekea akasikiliza. Ilishika vizuri."

"Mbona hakuniambia, mama?"

"Alinikataza hata mimi nisikuulize. Alisema utaona aibu."

Kunigunda akaketi palepale chini. Mama yake akamsogezea ungo, naye akaanza kutoa mawe kwenye maharage, moja moja, akipapasa kwa vidole kwa sababu machozi hayakumwacha aone vizuri.