Shuka Jekundu Juu ya Jeneza la Babu

Usiku ule wa kuamkia arubaini ya babu nililala nina hasira na kaka yangu Seif, na babu akanijia. Sijui kama wafu huwajia watu wenye hasira, au ni mimi niliyemwita kwa hasira zangu. Ninachojua ni kwamba alikuja, na hakuja kunibembeleza.

Nieleze kwanza kilichotangulia, maana bila hicho ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu.

Babu yetu mzaa baba, alipokuwa kijana, alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali hapa Wete, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupandisha bendera nyekundu ya Sultani. Mapinduzi yalipofika Pemba aliambiwa aishushe, aichome moto. Kuishusha aliishusha. Kuichoma hakuichoma. Aliikunja akaitia kashani, chini kabisa, chini ya kanzu zake za Idi, na ikalala humo mpaka sisi wajukuu tukawa watu wazima. Mimi niliiona nikiwa na miaka kumi hivi, siku niliyotumwa kutoa udi. Nikarudisha kanzu juu yake, nikafunga kasha, nikaenda kucheza.

Siku aliyokufa ilikuwa masika, na shuka la kijani la kufunikia jeneza, lile la msikitini, lilikuwa limetoka kufuliwa, bado bichi. Watu wamejaa uani wanangoja maiti itoke. Tukatazamana. Seif ndiye aliyesema, "Itoe ile ya babu. Miaka yote kaitunza, leo ndiyo siku yake." Ufunguo wa kasha nilikuwa nao mimi. Niliitoa, na mikono yangu hii ndiyo iliyoitandaza juu ya jeneza. Nilidhani nampa heshima yake. Nakiri hata fahari kidogo niliona.

Seif ana sababu zake. Mjomba wa mama yetu alitoweka siku zile za mapinduzi, hakurudi na hakuzikwa, na kwa Seif wekundu ule ndio kumbukumbu ya watu wetu waliopotea. "Ilikuwa nchi ya ustaarabu ile," hupenda kusema, yeye ambaye hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa. Simlaumu kwa kumlilia mtu wake. Namlaumu kwa kusema asiyoyajua, na lawama hiyo na mimi nimo.

Jeneza la kwetu halina wabebaji maalumu. Kila mwanamume hukimbilia kutia bega, akaenda hatua chache, mwingine akampokea, hivyo hivyo mpaka makaburini. Mimi na wanawake wenzangu tulikuwa dirishani. Wa kwanza kutia bega alikuwa Mzee Makame, jirani yetu nyumba ya tatu, rafiki wa babu tangu utotoni, ambaye walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila alasiri. Vijana hawakujua wanabeba nini. Kwao lilikuwa shuka jekundu basi. Lakini Mzee Makame aliona kwenye ncha vitanzi vya kamba, vya kufungia bendera mlingotini. Nilimwona akiinua uso, akaitazama, akatoa bega. Akatafuta viatu vyake, akenda zake. Wazee wengine wanne wakamfuata. Babu yangu alipelekwa kaburini na Seif na vijana sita, wanahema kwenye kilima, na hakuna wa kuwapokea.

Tangu siku hiyo Mzee Makame akiniona njiani hutazama upande mwingine. Mtaani ikasemwa kwamba babu mwenyewe aliacha wasia azikwe nayo, kwamba kumbe moyoni alikuwa mtu wa Sultani maisha yake yote na akawaficha wenziwe. Na Seif, badala ya kulikanusha hilo, jioni ile ya kuamkia arubaini akachukua nyundo akaigongomea bendera ukutani sebuleni, pale pale watakapokaa wasomaji wa hitima. "Atakayechukia asije," alisema. Nilinyamaza, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu na kwa sababu mimi ni mwoga. Nikaenda kulala.

Nikajikuta nafuata jeneza. Ulikuwa mchana, jua kali, na mimi mwanamke natembea nyuma ya maiti na hakuna anayenikataza, maana hapakuwa na mtu. Jeneza lilikuwa limetuliwa katikati ya njia, limefunikwa shuka lile. Babu alikuwa amekaa kando yake juu ya jiwe, amevaa kaptura ya kaki ya utarishi, na miguu yake ile myembamba ya uzeeni imetokeza. Nilifurahi. Niliinama kumpa mkono, "Shikamoo, babu." Mkono wangu hakuupokea.

"Nani alinifunika?"

"Mimi, babu."

Anatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya nikiunguza wali. Anainuka, namfuata, na njia ile si njia tena, ni uwanja mbele ya ofisi, na mlingoti mweupe, na kamba. Babu anafunga vitanzi. Mikono yake ni ya kijana sasa, haitetemeki. Upande wa pili wa barabara amekaa mwanamke anachambua karafuu, amenipa mgongo.

Sikuwahi kumwona katika maisha yangu, lakini pale namjua: ni mama yake babu, Bi Zafarani. Nyumbani kwetu tulikuwa tukijua jambo moja tu juu yake, na tuliambiwa tusilitaje mbele ya wageni. Alizaliwa kwenye shamba la karafuu la bwana mmoja, na ingawa utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku aliendelea kuitwa mtu wa bwana yule mpaka alipokufa.

Babu anavuta kamba. Kila akivuta, nguo nyekundu inapanda, na kila inapopanda yule mama anazidi kuinama. Nataka kumwambia babu aache. Sauti haitoki. Mara nguo iko chini, imetandikwa kama jamvi, na Bi Zafarani anaanikia karafuu juu yake, anazisambaza kwa kiganja, na harufu yake inajaa uwanja.

"Alikuwa akipita hapa kila asubuhi kwenda kuchuma," babu anasema. "Alikuwa haniiti jina nikiwa na kamba ile mkononi."

Ndipo sauti yangu ikatoka. "Sasa mbona uliiweka, babu?"

Akanigeukia. Nimewahi kumwona babu akikasirika, na nimewahi kumwona akilia alipofiwa na bibi, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

"Leo ndiyo unaniuliza."

Nilitazama chini, na chini palikuwa na sakafu ya sebule yetu. Tumo ndani, na jeneza limo ndani, na ukutani pamejaa vitanzi vya kamba tupu.

"Niliifungia isipepee tena," babu anasema. "Ningeichoma ningeulizwa nini baadaye? Nikasema atatokea mmoja wenu, mmoja tu, aniulize, nimsimulie mama yangu. Mmekula kwangu. Mmelala kwangu. Mmefungua kasha langu. Mkanifunika nayo."

Anakaa kitako sakafuni, mzito, amechoka. "Nitoleeni."

Nalivamia jeneza, nalivuta shuka. Linakuja. Navuta tena, linakuja, na bado liko juu yake. Limenijaa mapajani, limefika magotini, limejaa chumba, na jeneza limefunikwa vile vile. Nalia. Namwita Seif anisaidie na Seif hayumo. Ndipo nahisi kiganja cha babu kisogoni pangu, kigumu, kina joto, na sauti yake karibu kabisa na sikio:

"Mwambie Makame sikuagiza."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Mto ulikuwa umelowa, na mikono inaniuma kama niliyetwanga usiku kucha. Nilitia udhu, nikasali, kisha nikaingia sebuleni, nikapanda juu ya kiti, nikaanza kung'oa misumari kwa mpini wa kijiko.

Seif alitoka chumbani kwa kelele zile. "We Zuwena, una wazimu?"

Nikamsimulia. Akacheka, kicheko cha kukereka. "Umekula mihogo umevimbiwa, ukaota. Sasa mimi nivunje mipango ya arubaini kwa mihogo yako?"

"Kaka, wewe uliwahi kumuuliza?"

"Kuuliza nini? Mtu kaweka kitu kashani miaka yote, si anakipenda?"

"Nakuuliza uliwahi kumuuliza."

Akaketi chini, mgongo ukutani. Msumari wa mwisho ulipotoka, nilimtupia bendera mapajani. Hakuitundika tena. Alikaa nayo vile vile, anachezea kitanzi kimoja kwa kidole. Nikajifunga buibui nikatoka.

Mzee Makame alikuwa barazani kwake na bakora yake, ametoka msikitini. Aliponiona akataka kuinuka aingie ndani. Nikamwahi, nikapiga magoti pale chini, mtu mzima mimi, majirani wanatazama.

"Shikamoo, babu Makame. Nimetumwa. Babu kanijia usiku. Kasema nikwambie hakuagiza. Si yeye. Ni mimi niliyemfunika, mimi na Seif, hatukumuuliza."

Hakuitika shikamoo yangu. Alirudi kukaa, kidevu juu ya bakora, nami nikaanza kutumaini, maana nilikuwa nimekwisha kutoa ujumbe na nilidhani ujumbe ukifika jambo limekwisha. Nilikuwa nimeshapanga nimkaribishe hitimani, akae mbele, watu wamwone.

"Nilijua," akasema hatimaye. "Mimi nilikuwepo siku aliyoishusha. Nilimwona alivyolia, anamtaja mama yake. Nilijua hakuagiza, nilijua pale pale nimetia bega, na bado nilimtua, kwa sababu niliwakasirikia nyinyi."

"Basi leo njoo, babu. Njoo tumsomee."

"Nitamsomea hapa hapa." Akainuka, akashika kizingiti cha mlango. "Nenda nyumbani, mwanangu. Jeneza halibebwi mara mbili."