Tunguu la Mwisho Juu ya Paa

Mama Mapazia alikuwa fundi wa kushona pazia la ukumbi mzima bila mshono kupinda, lakini maua ya airisi yalimtoa jasho. Matunguu yake, manene kama tangawizi, aliyachimba uani kwa marehemu mama yake, kule milimani kwenye baridi, wiki ile nyumba ilipouzwa. Marehemu aliyapenda maua hayo kwa zile ndevu za manjano zinazoota juu ya petali zake. Alisema hao ndio wanaume pekee wenye ndevu wasiombishia. Bintiye alitaka kuyaona yakichanua kwake, hata mara moja tu.

Sasa, airisi huko chini alikokaa, kwenye joto, ambako hewa ni nzito hata chumvi inalowa koponi, ni kujitafutia maradhi. Tunguu linataka mgongo wake uote jua, lisifukiwe. Lakini mama mkwe wake, bibi mwenye magoti mabovu na wema uliopita kiasi, hakuweza kuona mizizi ikikaa uchi akanyamaza. Kila asubuhi aliifukia na kuimwagilia. Majirani wakasema subira huvuta heri. Hii ilivuta uozo. Matunguu yaligeuka uji unaonuka, moja baada ya jingine. Na mkwe hagombezwi. Mama Mapazia akawa anakata uzi kwa meno kwa hasira.

La mwisho alilipandisha juu ya paa, ndani ya beseni lililotobolewa, kwenye kokoto na vipande vya matofali. Ngazi zile bibi hawezi, alijipa moyo. Na kweli, likatoa kikonyo, na kikonyo kikatoa tumba lenye rangi ya zambarau hafifu nchani. Kwa furaha akaropoka mezani kwamba maua haya adui yao ni mvua. Kisha akasafiri siku chache kutundika mapazia ya hoteli, huku mvua na jua vikipokezana.

Aliporudi, bibi alisisitiza kumpandisha paani mwenyewe, akishika ukuta, akipumzika kila hatua. Beseni lilikuwa limefunikwa gubigubi kwa mfuko wa nailoni, kamba imekazwa, mvuke umetanda ndani. Tumba lilikuwa limelala juu ya kokoto, limeiva kwa mvuke kama mboga. Tunguu lilibonyea kidoleni.

"Nilipanda huku juu siku ile ile uliyoondoka," bibi alisema. "Mvua yote hii, mwanangu, halijalowa hata tone."

Mama Mapazia alitaka kupiga kelele mpaka majirani watoke. Hakuna tunguu jingine, na kule milimani uani kwa mama yake sasa wanakaa watu wengine.

"Asante, mama," alisema. Kisha akampa bega ashuke naye polepole, maana kwa magoti yale kushuka kunauma kuliko kupanda.