Jiko la Mafyulisi

Mvua ya mawe ilitupiga kule Kilolo alasiri moja ya Januari, mahindi yakianza kutoa mbelewele. Ilipokatika, shamba lilikuwa vijiti vitupu na mafyulisi, matunda ya miti yetu ya uani, yote yako chini, yamepondeka. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na barua zake zilishakoma. Nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe na wanangu wawili.

Nilikuwa nimewahi kufanya kazi jikoni kwa mke wa mlowezi, naye alinifundisha kuhifadhi matunda: unayapanga kwenye chupa, unajaza maji, unafunika, kisha unachemsha chupa zenyewe ndani ya sufuria kubwa. Nikamkimbilia. Akaniazima sufuria yake na kreti nne za chupa, akaahidi kunipa mahindi kwa kila kreti nitakayorudisha imejaa.

Siku ya kwanza tulichemshia kwenye mafiga. Moto ulilamba upande mmoja tu, sufuria ikainama, chupa saba zikapasuka. Kesho yake tukauza mbuzi, tukapanda lori la mbao kwenda Iringa kutafuta jiko, sufuria nimeipakata.

Dukani nililikimbilia jiko la mafuta ya taa, la bluu, linang'aa. Mama mkwe akamwambia mwenye duka, "Tujazie maji humu, baba, tuone."

Mwenye duka akacheka, lakini akajaza. Tulipoitua sufuria juu yake, miguu ya jiko ikatanuka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Sufuria hii ni ya harusi, mama," akasema. "Chukueni lile la chuma."

Lile la chuma lingeweza hata sufuria mbili, lakini mbuzi wetu hakulifikia hata nusu. Niliketi kwenye ngazi ya duka nikalia mbele za watu. Niliwaona akilini wanangu wakiomba chakula mwezi wa tatu, nami sina cha kuwajibu.

Mama mkwe hakunibembeleza. Alizunguka nyuma ya duka, akarudi na kutu mikononi.

"Kuna jiko bovu kule, tumbo limeoza. Bamba la juu ni zima. Mwulize kama atatuuzia bamba peke yake."

Alituuzia. Lori lilitushusha mbali na nyumbani kwa sababu ya tope, tukalibeba lile bamba kwa mti mabegani, kupanda na kushuka. Bega langu lilichubuka hadi nyama. Tulipofika, nusu ya mafyulisi ilishaoza. Harufu yake, kama ya pombe, ilitupokea njiani.

Tukajenga kuta kwa udongo wa kichuguu, tukalaza bamba juu. Udongo haukupata muda wa kukauka. Ulitoa moshi na mvuke, macho yakatuvimba. Lakini sufuria ilitulia, maji yakatokota sawasawa. Siku tatu tulimenya, tukachemsha, tukaopoa. Zilijaa kreti mbili. Yaliyobaki tuliwamwagia nguruwe wa jirani.

Mke wa mlowezi alitimiza ahadi. Mahindi yale tuliyapikia uji, mara moja kwa siku, hadi viazi vya bondeni vilipokomaa. Wanangu walikonda, lakini walipona.

Kila jioni mama mkwe aliacha uji wake nusu bakuli, akawasogezea watoto.

"Nimeshiba, mwanangu," aliniambia.

Nilimwamini, kwa kuwa sikuwa na uji mwingine wa kumpa.