Kujifunga Miaka Mitatu

Juzi niliingia ofisi moja hapa Amu kutafuta chumba cha mapumziko kisiwani Kiwayu. Bibi mwenye ofisi, anayekodisha vyumba vya visiwani kupitia mtandao, hata hakuniona. Macho yalikuwa kwenye skrini, kidole kikiwa juu ya kipanya. Tovuti yake huendeshwa na kompyuta za kukodi zilizoko ng'ambo, na kampuni ilimpa hiari: ajifunge miaka mitatu alipe nusu bei, au mwaka mmoja apunguziwe kidogo tu.

"Mitatu, dada!" kaka yake aliyesimama kando alimhimiza. "Nusu bei!"

"Na wageni wakikoma? Umesahau walivyoghairi wote kwa tangazo moja la usalama? Tutalipia kompyuta zisizo na kazi."

"Watakuja, inshallah."

"Inshallah nami naisema. Lakini kwenye mkataba haimo."

Akabonyeza mwaka mmoja. Kaka akashika kichwa.

Ndipo akanigeukia. "Karibu, Bwana. Wataka chumba cha lini?"

Nikajibu nataka cha mwezi ujao, ila niweze kughairi wakati wowote bila kulipa.

Sote twapenda ahadi, mradi ajifunge mwingine.