Baba Aliponisifu

Baba yangu hakuwahi kutuchapa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakinisikia nikimzungumzia huuliza kama alikuwa mlevi au mtu wa fimbo, na hakuwa hata kimoja. Alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari upande wa Butali, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Alipostaafu alirudi kwenye shamba letu la miwa nje ya mji wa Kakamega na sauti ileile ya taratibu aliyokuwa akimwambia nayo mkulima kwamba miwa yake imekauka na haitapokewa. Nyumbani alizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote. Mama alipoteleza, kama watu wengi wa kwetu, akasema "kurara" badala ya "kulala", Baba aliweka tonge chini, akamtazama kwa upole na kumwomba arudie. Mama alirudia mbele ya wageni. Akikosea tena wageni walicheka, naye Mama alicheka pamoja nao.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye alipewa jina la babu yetu, kwa hiyo Baba alimwita "Baba", na akilitamka neno hilo uso wake ulikunjuka. Mimi, tangu nimalize chuo cha ualimu, aliniita "Mwalimu", jinsi mtu anavyomwita mbwa wake Simba.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya karibu na kwetu, bado naishi nyumbani. Alama zangu za kidato cha nne zilikuwa za kuridhisha, ila hazikutosha kuitwa chuo kikuu. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenidokezea kwamba kuna shahada ambayo mtu anaisoma akiwa kazini: vitabu unaletewa kwa posta, mihadhara imerekodiwa kwenye kanda, na likizo zikifika mnakusanyika mjini Kakamega kufundishwa ana kwa ana. Nikaomba. Nikakubaliwa mwaka uleule ambao mdogo wangu aliitwa chuo kikuu Nairobi.

Baba aliandaa maombi ya kumuaga. Majirani walikuja, watu wa kanisa, na wazee wawili watatu waliofanya kazi naye kiwandani. Jumapili nzima mimi na Mama tulikuwa jikoni na moshi, tukisonga obusuma, ugali wa kwetu, na kukatakata kuku. Walipokwisha kula Baba alisimama, akaushika mkono wa mdogo wangu na kuwaambia wageni kwamba sasa ukoo wetu una mtu. Kisha akaniona nikikusanya sahani.

"Na huyu Mwalimu naye msimsahau kwenye maombi," akasema. "Amejiunga na Chuo Kikuu cha Posta. Siku ya kuhitimu tutamwomba yule anayegonga mihuri amvishe kofia."

Wageni walicheka sana. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa, ikabidi apewe maji, na mimi ndiye niliyempa.

Mdogo wangu hakucheka. Jioni alinifuata bombani nikiosha masufuria, akashika moja na kuanza kulisugua kwa majivu, kazi ambayo Baba hakutaka aiguse.

"Dada, usimsikize," akaniambia. "Nikirudi likizo tutasoma pamoja. Hesabu za takwimu nitakuonyesha mimi, wewe utanisaidia kuandika insha. Sijui kuandika insha."

Ilikuwa kweli, hakujua. Lakini alisema ili nami niwe na kitu cha kumpa, na nilimpenda kwa hilo.

Masomo yakaanza. Kanda zilihitaji redio kaseti, na redio kaseti ilikuwa moja tu, ya Baba, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama. Nilipomwomba alikubali haraka mno. Siku ya pili nilitoka shule nikamkuta sebuleni na majirani, kanda yangu inazunguka, mhadhiri anaeleza jinsi mtoto anavyojifunza lugha.

"Karibuni mmsikie mwalimu wa binti yangu," Baba alikuwa akiwaambia. "Huyu hali, hanywi, halali. Anaishi ndani ya redio. Muulizeni swali muone kama atajibu."

Jirani mmoja akainama, akaiuliza redio habari za nyumbani. Nilisimama mlangoni na vitabu vya watoto mikononi mpaka kanda ikaisha. Baada ya hapo sikuiomba tena. Nilibaki shuleni watoto wakiondoka, nikikaa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakigusa ubao wa chini, nikisoma vilivyoandikwa vitabuni na kubahatisha kilichokuwa kwenye kanda.

Mama alianza kunipunguzia kazi bila kusema. Nilifika nikakuta maji yamechotwa, kuni zimepasuliwa. Baba aliona.

"Kumbe wewe pia umejiandikisha?" akamuuliza mezani. "Utasomea nini? Kulala kwenyewe hujakumaliza."

Mama akamwongezea mboga.

Likizo ya Agosti nilikwenda kituoni mjini, na hayo yalikuwa majuma mazuri pekee ya mwaka ule. Tulikuwa watu wazima waliojikunja kwenye madawati ya sekondari, walimu kutoka kila upande wa mkoa wa Magharibi, wanaume wenye mvi, wanawake wanaonyonyesha huku wakinakili ubaoni. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nasoma. Mhadhiri alinirudishia insha yangu ya kwanza, akaniambia mbele ya wote kwamba najua kufikiri kwa kalamu. Nilipofika nyumbani nilimpa Baba aisome. Alitoa kalamu yake mfukoni, akarekebisha alama za mkato ukurasa wa kwanza wote, akanirudishia.

"Huyo aliyekusifu huenda alikuwa na haraka," akasema.

Mwaka uliofuata wanafunzi Nairobi waligoma. Kulikuwa na mawe na mabomu ya machozi, na chuo kikafungwa. Miaka ile vyuo vilifungwa mara kwa mara, hatukushtuka. Mdogo wangu alirudi na sanduku lake, amekonda, viatu havina kamba. Hakuwa amerusha jiwe lolote. Alikuwa bwenini akifua nguo polisi walipoingia. Lakini amri ilikuwa moja kwa wote: kila mwanafunzi akajiwasilishe kwa chifu wake kila wiki, kama mtu aliyetoka jela.

Baba alimsindikiza kwa chifu siku ya kwanza. Watu wengi walikuwa barazani wakingoja kusikilizwa shida zao, na mwanawe alisimama mbele yao akiweka saini. Sijui nini kilipita moyoni mwa Baba pale. Ninachojua ni kwamba waliporudi hakumwita tena "Baba". Alimwita "kijana".

Wakati wa chakula aliniomba ile insha. Nilidhani anataka kuisahihisha zaidi. Aliisoma yote kwa sauti, vizuri, kama mtangazaji, halafu akaisukuma mezani hadi kwa mdogo wangu.

"Kijana, angalia kazi ya mtu mwenye akili," akasema. "Mtu ambaye chuo chake hakifungwi. Huyu sikumlipia nauli ya kwenda popote, na amekupita."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nikiwa mtoto, na kwa muda wa kupumua mara moja nilifurahi. Kisha nikauona uso wa mdogo wangu.

Tangu siku hiyo sifa hazikukoma. Redio ilihamishiwa chumbani kwangu na kitambaa chake. Mdogo wangu aliamrishwa kuchota maji, kupalilia miwa, hata kunipigia pasi nguo za kazini, "ili msomi wetu asichoke." Majirani walipokuja, Baba aliweka kanda, akaizima katikati na kumuuliza mdogo wangu mhadhiri alikuwa anasema nini. Masomo yale hakuwa anayasoma, yeye alikuwa mtu wa uhandisi. Akinyamaza, Baba alinigeukia mimi.

"Mwalimu, mwambie."

Mara ya kwanza nilisema sijui. Baba alitabasamu, akawaambia wageni kwamba binti yake ana huruma, anamficha mwenzake aibu. Hilo lilikuwa baya kuliko jibu.

Nilimfuata shambani asubuhi moja.

"Baba, tafadhali. Usinisifu tena mbele yake."

Alikuwa anakagua mitaro. Hakuinuka.

"Ulipokuwa hupewi sifa ulinuna. Sasa unapewa, umenuna," akasema. "Sema unachotaka nikipime."

"Nataka umwache."

"Mimi simgusi. Umeona nikimgusa?"

Nilimtafuta mdogo wangu nyuma ya zizi. Alikuwa anapasua kuni. Niliweka kitabu changu cha takwimu juu ya gogo, kama zamani, nikamwambia kuna mahali nimekwama. Hakukitazama.

"Pole," nikamwambia.

"Usiniambie pole, Dada. Ukifungua mdomo namsikia yeye."

Mwishowe chuo kikatangaza kufunguliwa. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda na mzazi wake, mzazi atie saini kwamba mtoto wake atakuwa na nidhamu. Baba alisema ataenda, hakuna shida. Alipiga koti lake brashi na kulitundika sebuleni mahali ambapo kila mtu angeliona. Ila kabla ya safari alitaka kitu kimoja: wale wageni wa maombi waitwe tena.

Walikuja. Tulipika tena. Walipokuwa wakila Baba alisimama palepale aliposimama mara ya kwanza.

"Mlimwombea huyu," akawaambia. "Ni haki yenu kujua maombi yenu yalikwenda wapi. Kijana, simama uwaambie. Kisha uwaombe msamaha, mmoja mmoja. Ukimaliza kesho tunasafiri."

Mdogo wangu alisimama. Aliwatazama wote, wale wazee, mama wa kanisani, jirani aliyeisalimia redio. Hakuna aliyesema mzee, mwache mtoto. Mmoja alikuwa bado anatafuna paja la kuku, taratibu, ili asitoe sauti. Mdogo wangu alitoka nje kana kwamba anakwenda kunawa mikono. Tulisikia maji bombani, halafu hatukusikia tena maji.

"Tuleni," Baba akasema. "Atarudi. Ataenda wapi?"

Hakurudi. Sanduku lake lilibaki chini ya kitanda. Siku ya mwisho ya kuripoti ilipokaribia, Mama alikuja chumbani kwangu amevaa nguo za kanisani mchana wa siku ya kazi.

"Mimi pia ni mzazi," akasema. "Nitaenda mimi kuweka saini. Wewe nitafutie mtoto."

Mama hakuwahi kufika Nairobi maisha yake yote. Nilizunguka kwa jamaa na marafiki mpaka nikasikia ameonekana Mumias. Nikaenda. Nilimpata karibu na msikiti, kati ya vijana wa boda boda, ameegemea baiskeli ya mtu mwingine yenye kiti cha kitambaa chekundu. Nilimweleza habari za Mama, nguo alizovaa, jinsi anavyotusubiri.

Alisikiliza hadi mwisho. Mwanamke mmoja mwenye buibui akamsalimia, naye akaitikia salamu ya Kiislamu kwa ulaini, kama mwenyeji.

"Mwambie Mama asante," akaniambia. "Lakini nikirudi, nitafeli somo moja. Kila mtu hufeli somo moja. Halafu atawaita tena."

"Hutakuwa unaishi naye."

"Wewe unaishi naye. Umechagua kukaa." Akamfutia yule mwanamke kiti kwa mkono. "Rudi ukasome, Dada. Sasa itabidi atafute mtu mwingine, na mtu mwingine ni wewe."

Akapanda, akaondoka na abiria wake. Nafasi yake chuoni ikapotea.

Hakukosea. Kabla mwezi haujaisha redio ilikuwa imerudi sebuleni, nami nikawa tena mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Posta. Nilipata maksi za chini katika takwimu, na Baba akawaambia wageni kwamba labda bahasha ililowa mvua. Hapo ndipo nilipohama. Nilipanga chumba mjini Kakamega karibu na kituo. Mama alinibebea godoro kichwani hadi barabarani, akageuka kurudi kwake bila kulia.

Shahada ilinichukua miaka mingi kuliko ilivyopaswa. Siku ya mahafali Baba alikuja na lile koti, akapigwa picha akiwa katikati, akamweleza kila aliyesimama karibu jinsi alivyotoa redio yake ili binti yake asome. Watu walimpa mkono. Nilikuwa nimevaa joho, jua linawaka, na sikupata nguvu ya kubishana.

Nikawa mwalimu wa sekondari. Mdogo wangu alinunua baiskeli yake, baadaye akafungua duka la vipuri Mumias, akaoa hukohuko. Baba alikufa akiwa bado anamwita kijana. Kila Desemba ndugu yangu huja kumchukua Mama akakae na wajukuu, nami huwa nimekwenda kumsaidia kufunga mizigo. Haingii ndani. Nampelekea chai nje, anainywa amesimama, ananirudishia kikombe kwa mikono miwili na kusema asante sana, kwa adabu, kama mtu aliyepewa maji na asiyemjua njiani.